Msiyafyeke matete ya Igombe, mbayuwayu bado wanalala humo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji. Jambo langu ni la siku za kuhesabu, na nikisubiri lipite kwenye vikao litakuwa limeshapitwa na wakati.

Nilifundisha sayansi katika shule za msingi kwa miaka 31. Tangu nistaafu naanika dagaa huku Igombe, kando ya Ziwa Victoria, wilayani Ilemela. Alfajiri mitumbwi ikirudi nanunua kwa ndoo, namwaga kwenye vichanja, na jua likiwaka vizuri jioni nafunga magunia. Vichanja vyangu vimepakana na matete yanayoanzia mchanga unapoishia na kwenda mpaka kwenye yale mawe makubwa. Matete hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Wiki mbili zilizopita tuliitwa kwenye kikao. Tukaambiwa matete yote yatafyekwa na kuchomwa moto kabla Februari haijaisha, ufukwe uwe wazi, kwa sababu yupo mtu anataka kufungua sehemu ya starehe na magari yanahitaji pa kuegesha. Kila mwenye kichanja achangie shilingi 5,000 za vibarua. Tukaelezwa kwamba na sisi tutafaidika: matete yanafuga nyoka, yanazalisha mbu, na yanavuta "vile vindege vyeusi" vinavyochafua dagaa. Nilinyoosha mkono nikasema vindege vile ni mbayuwayu, ni wageni kutoka mbali, na ikifika Aprili wataondoka wenyewe bila kufukuzwa. Watu wakacheka. Ndugu mmoja akaniambia, "Mwalimu, mbayuwayu hao tuko nao mwaka mzima. Kwangu wamejenga upenuni kabisa." Kikao kikahamia kwenye habari ya choo cha mwalo, yaani pale mitumbwi inaposhushia samaki.

Yule ndugu hakusema uongo. Amechanganya ndege wawili, na si yeye peke yake. Anayejenga upenuni kwake ni mbayuwayu wa hapahapa. Rangi ya kutu iliyo kooni mwake inateremka mpaka kifuani, tumbo lake ni la kijivu kilichofifia, na mkia wake ni mfupi. Huyo anafinyanga tope, anataga na kulea makinda hapa kwetu. Yupo na mwenzake mwenye kichwa cha rangi ya chungu na michirizi tumboni, ambaye kiota chake kina mlango mrefu kama shingo ya kibuyu. Huyo naye ni mwenyeji.

Mgeni hajengi huku wala hatagi huku. Anakuja kula, kulala na kubadili manyoya. Kwenye daftari langu mwaka jana wa kwanza nilimwandika wiki ya pili ya Septemba, peke yake kwenye waya wa umeme, amechoka, hata nilipopita chini yake na ndoo kichwani hakuruka. Oktoba ilipofika waya wote ulikuwa umejaa.

Januari hii nilipata bahati ya kumshika mmoja. Usiku ilinyesha mvua ya upepo, na asubuhi nikamkuta amenasa ukucha kwenye wavu mkuukuu ninaofunikia dagaa. Nililegeza uzi kwa ncha ya shazia, polepole, huku nimemfunika kwa upindo wa kitenge. Kiganja hakikusikia uzito, kilisikia joto na moyo unaokwenda mbio. Ndege mzima ana gramu 20 hivi, konzi ndogo ya dagaa wakavu. Ukimwona angani unasema ni mweusi, lakini nilipomgeuza kwenye jua mgongo ulikuwa bluu, bluu iliyoiva inayong'aa kama mafuta juu ya maji. Paji la uso na koo vilikuwa vyekundu kama tofali lililochomwa. Chini ya koo unapita mkanda wa bluu nyeusi, kisha tumbo la rangi ya maziwa. Alifungua mdomo kunitisha, na mdomo ule unaoonekana mdogo ukapasuka mpaka karibu na macho. Nikaelewa anavyowazoa wadudu angani.

Mkia ndio ulionishika zaidi. Mkia wa mbayuwayu huyu umegawanyika kama panda ya manati, na manyoya mawili ya pembeni hurefuka na kuchongoka kuliko mengine yote. Mkia una mstari wa madoa meupe ambayo huyaoni mpaka aukunjue. Huyu wangu alikuwa na unyoya mrefu upande mmoja tu, umechakaa, ncha imelika. Upande wa pili unyoya mpya ulikuwa ndiyo kwanza unachomoza kwenye ala yake, kama ncha ya kalamu ya risasi. Nilimwangalia miguu kama ana pete ya watafiti, hana. Nikafungua kiganja. Alikaa kidogo, kama anayehesabu moja mpaka tatu, halafu akaenda zake juu ya maji.

Mhariri, unyoya ule ndiyo hoja yangu nzima. Mbayuwayu huyu hubadili manyoya yote ya mabawa na mkia akiwa Afrika, moja moja, kwa miezi, ili asipungukiwe uwezo wa kuruka. Anayafuma kwa wadudu anaowala huku. Kule Denmark mtafiti Anders Pape Møller aliwakata madume wengine mkia na kuwagundishia wengine kipande cha kuurefusha, na mwaka 1988 akatangaza alichokiona: waliorefushiwa walipata wake mapema kuliko wenzao. Kwa maneno mengine, dume anayechaguliwa na jike kwenye zizi la ng'ombe huko Ulaya, mkia wake uliota Afrika, na wengine uliota hapa kwenye matete yetu, kwa wadudu wa ziwa letu. Nilipowaeleza hivyo wajukuu wangu, mkubwa alisema, "Kumbe anakuja kushonesha nguo ya harusi." Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo.

Na safari anayoikamilisha si ya mchezo. Anatoka Ulaya na Asia, anavuka bahari, anavuka jangwa la Sahara, anasafiri mchana huku akila njiani, yapata kilomita 300 kwa siku. Kwa baadhi yao hapa ni kituo tu, wanaendelea mpaka Afrika Kusini. Zamani watu wa Ulaya hawakujua anakokwenda. Wapo waliosadiki kwamba msimu wa baridi anajizika kwenye tope chini ya madimbwi. Kilichomaliza ubishi ni pete moja. Mei 6, 1911, mwanasheria John Masefield wa Cheadle, Uingereza, alimfunga pete mbayuwayu jike aliyekuwa amejenga kwake. Desemba 23, 1912, ndege yuleyule alipatikana kwenye shamba moja huko Natal, Afrika Kusini, na barua ikaandikwa kurudi Uingereza. Nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wa darasa la sita kisa hicho kila mwaka, na kila mwaka kuna mtoto aliyeuliza, "Mwalimu, alipita juu ya Mwanza?" Njia aliyopita haijulikani. Lakini swali lilikuwa zuri, nami nililipatia alama.

Sasa nirudi mwaloni, maana wenzangu wataniona naleta habari za Wazungu wakati wao wanawaza dagaa. Nami nawaza dagaa.

Kila anayeishi huku anawajua wale wadudu wa ziwani wanaopanda kutoka majini kama moshi mweusi, mpaka mtu wa mbali anadhani kuna chombo kinaungua. Wanapanda hasa mwezi unapoandama, wakati huohuo wa giza ambapo mitumbwi ya dagaa inaingia ziwani na taa. Wadudu hao wakiwa bado viluwiluwi majini ni chakula cha dagaa. Wakishaota mabawa ni chakula cha mbayuwayu. Asubuhi za giza ndipo nanunua dagaa wengi, na ndipo juu ya kichwa changu kunakuwa na mbayuwayu wengi. Tunakula kwenye sinia moja. Machungani pia utawaona wanafuata ng'ombe, wanapita kati ya miguu yao kuwahi wadudu wanaotimuliwa na kwato, na akisikia kiu hatui, anapita juu ya maji na kuchota kwa mdomo akiwa mbioni.

Lipo jambo jingine lililoniokolea hela. Hewa ikiwa nzito na mvua iko karibu, wadudu huruka chini, naye mbayuwayu huwafuata. Akianza kupita usawa wa magoti yangu, sisubiri wingu lifike juu ya kisiwa, nakusanya dagaa. Gunia moja likilowa linageuka chakula cha kuku, na bei ya chakula cha kuku kila mwanika dagaa anaijua. Sisemi ni kila mara. Kuna siku nimekusanya na mvua isinyeshe. Lakini Novemba majirani wawili walilowanishiwa mzigo mzima wakati wangu uko chini ya turubai, na walioniambia mapema ni ndege hao.

Jioni ndiyo wakati wao hasa. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu wanaanza kukusanyika juu ya matete, wachache, halafu makundi kutoka kila upande, kutoka ziwani, kutoka kwenye mashamba ya mpunga, kutoka juu ya mji. Wanazunguka pamoja, wanapanda, wanashuka, unadhani wanatua, wanapanda tena. Kozi, yule ndege mwindaji, huwa anawangoja, na wao wanajua. Jua likishazama kabisa wanadondoka. Sina neno jingine, wanadondoka kama mahindi yanapomiminwa kutoka kwenye gunia, na katika muda wa kuchemsha chai anga inabaki tupu. Kisha matete yanaanza kuongea. Kila mmoja anagombea unyasi wake, anataka nafasi kati yake na mwenzake, na kelele hizo hudumu mpaka giza liingie sawasawa. Ndipo kimya. Machi wakikaribia kuondoka huimba hata mchana kwenye waya, wimbo mwembamba wa harakaharaka unaomalizikia kwa mkwaruzo mkavu.

Naandika haya kwa sababu niliwahi kuona matete yakiungua wao wakiwa ndani.

Ilikuwa miaka miwili iliyopita, Februari kama hii. Mtu asiyejulikana aliwasha moto upande wa mwisho saa mbili usiku. Matete makavu yakiungua yanapasuka kama bisi, unayasikia kabla hujaona mwanga. Nilitoka nje na mjukuu wangu. Ndege walikuwa wameinuka wote kwenye moshi. Mbayuwayu si popo, usiku hana pa kwenda. Walizunguka wakifuata mwanga, na mwanga wenyewe ndio ulikuwa moto. Waliopona walitua popote: kwenye vichanja, kwenye kamba za nguo, kwenye kingo za mitumbwi. Mmoja alitua begani kwa mjukuu wangu akakaa hapo, mtoto naye akasimama wima bila kutikisika mpaka mguu ukafa ganzi. Asubuhi tukashuka na ndoo. Mtoto alikuwa anahesabu kwa sauti, akafika 40, akanyamaza. Niliendelea kuokota bila kuhesabu. Wengi walikuwa wameshamaliza kuotesha mikia, mirefu, mipya, tayari kwa safari. Tuliwafukia chini ya mwembe wangu.

Kwa hiyo ninaposikia "kufyekwa na kuchomwa kabla Februari haijaisha," Mhariri, nasikia ndoo ile.

Niwajibu wenzangu hoja zao, maana ni za watu wanaotafuta riziki. Dagaa kuchafuliwa ni kweli. Wakikaa kwenye waya uliopita juu ya kichanja wanadondosha. Nilichofanya ni kukihamisha kichanja hatua nne. Tangu hapo sina tatizo, na yeyote anayetaka kijana wa kumsaidia kuhamisha chake aje kwangu. Nyoka wapo, siwezi kukataa, lakini wanafuata panya, na panya wanafuata mabaki ya samaki tunayotupa wenyewe nyuma ya vibanda. Kuhusu mbu, sitawadanganya kwamba mbayuwayu atatumalizia malaria, kwa sababu yeye anakula mchana na mbu wa malaria anatoka usiku. Ila tunajua mbu huyo anapenda kuzaliana wapi: kwenye vidimbwi vidogo vya wazi vinavyopigwa na jua, nyayo za ng'ombe, mashimo ya matofali, alama za matairi. Ukiondoa matete ukaweka maegesho ya magari kwenye ardhi chepechepe, umemtengenezea kitanda.

Wavuvi nao wajue kwamba kwenye matete na mafunjo ndimo sato wadogo wanakojificha. Sangara alipojaa ziwani na kuwamaliza furu wengi, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa letu, furu waliosalia kandokando walisalia kwa sababu ya vichaka kama hivi, ambamo sangara hapendi kuingia. Na sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nilipima kwa kamba ya wavu: matete yetu yote yamo ndani ya mita hizo, na hiyo sehemu ya starehe pia ingekuwa ndani.

Kuna wanaoniuliza nani atajali vindege. Karibu na Durban, Afrika Kusini, kuna matete ya Mount Moreland ambamo mbayuwayu hawahawa walikuwa wakilala kwa mamilioni. Uwanja mpya wa ndege ulijengwa jirani na kufunguliwa mwaka 2010. Matete yakabaki, na rada ikawekwa ya kuangalia makundi hayo ili ndege za abiria zisikutane nayo. Jioni watu walikuwa wakibeba viti vyao kwenda kuwatazama. Huko Estonia mbayuwayu huyu ndiye ndege wa taifa. Sisi tunao bure, na hakuna aliyewahi kuleta kiti.

Ninachoomba si kikubwa. Moto usiwashwe kabisa. Kufyeka kusubiri mwisho wa Aprili, wageni wakishaondoka, na hata hapo ifyekwe njia moja ya kupitisha mitumbwi na watu, kwa panga, upande wa mchangani, mengine yaachwe. Viongozi wetu wakitaka kuona kabla ya kuamua, waje jioni yoyote saa kumi na mbili na nusu, wasimame kwenye vichanja vyangu. Nina darubini moja, tutapokezana. Wazazi nao wawanyang'anye watoto manati kwa hizi wiki chache zilizobaki.

Ile 5,000 yangu nimeiweka kando, sijaikatalia. Nitamlipa kibarua wa kwanza atakayefyeka ile njia, Mei. Kikao kingine ni Jumamosi saa nne asubuhi, na nimeshamwambia mjukuu wangu atakwenda na mimi. Ana miaka 11 sasa, na amesema atasimama yeye kueleza habari ya yule aliyetua begani kwake.

Mwalimu mstaafu na mwanika dagaa,
Igombe, Ilemela, Mwanza